Ridhwani na Jua la Bustani

Asubuhi nyumbani kwa Bwana Kamaludin ilianza kwa kelele. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, katika mtaa wa Mkomani, mjini Amu, yaani Lamu. Kabla chai haijachemka, watu walikuwa wamekwisha kuingia. Huyu ameleta habari ya harusi. Yule amekuja kuazima kinu. Mwingine hana haja yoyote, amekuja kukaa tu na kusikia nani kaposwa na nani kaachwa. Mikate ya mofa ilitoka motoni ikaingia mikononi mwa watu, haikuwahi hata kupoa.

Mke wa Bwana Kamaludin, Bi Khairiya, alipenda wageni tangu utoto wake. Lakini mwaka ule wa 1954 alianza kuwaogopa.

Sababu ilikuwa mtoto wake, Ridhwani. Alikuwa na miaka miwili kasoro mwezi. Watoto wa rika lake walikuwa wakikimbia. Yeye hakuwa amesimama hata mara moja. Akiinuliwa kwa kushikwa kwapani, miguu yake ilipinda kama pinde mbili, naye akalia kwa maumivu. Kwa hiyo kila mgeni alipobisha hodi, Khairiya alimfunika mtoto kwa leso, kuanzia kiunoni mpaka vidoleni.

"Ana baridi," alisema.

"Baridi gani, na sote tunajipepea?" aliuliza Bi Umulkheir.

Umulkheir alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Hakuwa mtu wa kuambiwa neno akanyamaza. Siku moja, katikati ya mazungumzo, alinyoosha mkono akaivuta leso.

Vikombe vya chai vikawekwa chini.

"Mungu wangu!" alisema Umulkheir. "Khairiya, miguu hii imekuwa hivi tangu lini?"

Khairiya alinyakua leso akamfunika mtoto. Mkwewe, Bi Mwanamkisi, mama yake Bwana Kamaludin, aliacha kutafuna tambuu.

"Mwana ana jicho la watu," alisema bibi huyo. "Ni yale yale ya Kadija."

Jina hilo lilimchoma Khairiya moyoni. Kadija alikuwa binti yake wa kwanza. Alipokuwa na mwaka mmoja, alivalishwa nguo mpya ya Idi akapelekwa pwani kutembezwa. Watu walimsifu. Walimbeba, wakambusu. Jioni yake alirudi na homa na kutetemeka. Siku ya tatu alizikwa.

Tangu siku ile Khairiya aliweka ahadi. Mtoto mwingine, Mungu akimpa, hatapelekwa nje kuonwa na watu wala hatapigwa na jua mpaka awe mkubwa. Ridhwani alipozaliwa, mama aliishika ahadi yake. Sasa ahadi alikuwa nayo, na miguu ya mtoto ilikuwa ikipinda.

* * *

Umulkheir alipotoka pale, habari ilitoka naye. Asubuhi ilikuwa Mkomani. Adhuhuri ilikuwa imefika Langoni. Alasiri ilimfikia Bi Kulthum kwenye zahanati.

Bi Kulthum alikuwa mkunga wa serikali. Alizaliwa Kipungani, kwa wasuka mikeka. Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa Bwana Kamaludin. Alikuwa na haraka, maana jahazi la kwenda Pate lilikuwa likimngoja. Alikuwa ametumwa huko kuchanja watu ndui. Basi alipokewa karibu na mlango tu. Aliipapasa miguu ya mtoto, akavishika viwiko vya mikono. Akazihesabu mbavu kwa kidole.

"Mifupa yake ni laini," alisema. "Dawa ya kwanza ni jua. Bi Khairiya, mtoto huyu usimweke ndani. Umenisikia? Mtoe nje kila siku. Na mpe samaki, mayai na maziwa."

"Nimekusikia, Bi Kulthum."

"Usimweke ndani."

"Inshallah, simweki tena."

Khairiya aliogopa, lakini alitii. Kila siku, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, Ridhwani hakukaa ndani. Mvua za masika zilinyesha, zikapita. Upepo wa kusi ukaanza. Mama hakukosa hata siku moja.

Miguu ilizidi kupinda.

* * *

Bi Kulthum alirudi Amu mwezi wa Julai. Alikuja moja kwa moja Mkomani. Alipomfunua Ridhwani, uso wake ulibadilika.

"Bi Khairiya, nilikwambia umtoe nje."

"Namtoa."

"Kila siku?"

"Wallahi, kila siku! Muulize mama. Waulize majirani. Tangu chai mpaka adhana ya adhuhuri, ndani hakai."

"Kweli kabisa," alisema Bi Mwanamkisi. "Hata mimi namgombeza. Namwambia mwana atashikwa na mafua."

Bi Kulthum aliipapasa ile miguu upya, polepole.

"Sema, Bi Kulthum. Kuna nini?"

"Kama anapata jua lote hilo na bado hali ni hii, basi ugonjwa huu siujui. Itabidi apelekwe Mombasa, hospitali kubwa. Mifupa ikipinda sana, madaktari huivunja, wakainyoosha upya."

"Huivunja?" aliuliza Khairiya.

"Analazwa usingizi kwa dawa. Lakini ni kazi kubwa, na ni miezi mingi kitandani."

Khairiya alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Machozi yalimtoka. Alimwona Ridhwani peke yake katika kitanda cha Mombasa. Aliisikia mifupa ikivunjika. Halafu alimwona mtu mzima anayetambaa njiani, na watoto wakimcheka.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Kulthum. "Nionyeshe unapomweka. Labda pana kivuli cha mti."

Khairiya alijifuta macho. Akamchukua mgeni, wakapita kwenye ua mdogo wa katikati ya nyumba, wakapanda ngazi mbili. Wakafika kwenye ukumbi mrefu wenye boriti juu na zulia chini. Kando palikuwa na mto wa Ridhwani na kikombe chake.

"Ni hapa," alisema Khairiya.

Bi Kulthum alitazama juu. Akatazama kuta. "Hapa ndipo nje?"

"Hapa ni msanani. Ndani ni kule." Khairiya alionyesha kwa kidole chumba cha nyuma kabisa, chenye giza na harufu ya ubani. "Uliniambia nisimweke ndani. Basi nikamtoa nje ya ndani nikamleta huku, kwenye mwanga wa uani."

Bi Kulthum alikaa chini. Alijipiga paji la uso kwa kiganja.

Katika nyumba za mawe za Amu, kila chumba kina jina lake. Ukumbi huitwa msana. Chumba cha nyuma, cha mama na watoto, jina lake ni ndani. Khairiya alikuwa amefuata maneno ya mkunga herufi kwa herufi.

"Kosa ni langu," alisema Bi Kulthum. "Kwetu Kipungani nyumba ni ya makuti, chumba kimoja. Ukitoka ndani, jua liko utosini. Mwenzangu, mimi nilisema nje! Nje, kwenye anga!"

Umulkheir alikuwapo, kama kawaida yake. Alicheka mpaka ukaya ukamwanguka kichwani. "Miezi mitatu mtoto anaota jua chini ya boriti!"

"Cheka," alisema Khairiya huku akilia. "Ungekuwa wewe ungejua?"

"Nisingejua, shoga yangu. Ndiyo maana nacheka."

* * *

Bi Kulthum aliwakalisha wote, akaeleza polepole.

"Mimi ni mtoto wa mikeka. Kwetu miyaa ya kusukia mikeka lazima ianikwe juani. Isipoanikwa, mkeka wake unalegea, hauna nguvu. Mfupa wa mtoto nao unataka jua. Jua likiipata ngozi, mwili hutengeneza kitu kinachoufanya mfupa ushike ugumu. Chakula peke yake hakitoshi."

"Na kile kiua cha katikati?" aliuliza Khairiya. "Pale mbingu inaonekana."

"Nimekitazama. Nyumba yako ina ghorofa mbili. Jua linapiga juu ya ukuta, chini halifiki ila kwa muda mfupi, tena adhuhuri, likiwa kali. Mpeleke kwenye Bustani ya Mji."

Bi Mwanamkisi aliweka mkono kifuani. "Audhubillahi! Ndia ya bustanini inapita makaburini. Na lile lilikuwa shamba lililohamwa. Lina wenyewe. Mwana aende kuonwa na watu na visivyo watu?"

"Bi Mwanamkisi, bustani imefyekwa. Kuna miti, nyasi na mabenchi. Upande mmoja umezungushiwa ua wa makuti kwa ajili ya wanawake. Asubuhi mpaka saa nne, wanaume hawaingii."

Khairiya alimvuta Ridhwani mapajani mwake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kadija nilimtoa nje. Siku moja tu. Nje ikamchukua."

Umulkheir alijifunga ukaya wake upya.

"Alikuwa na homa ya namna gani?" aliuliza Bi Kulthum.

"Ya baridi. Alitetemeka, halafu akawaka moto, halafu akatetemeka tena."

"Sikuwapo, siwezi kuapa. Lakini homa ya namna hiyo huletwa na mbu. Na haianzi siku ileile. Mbu anauma leo, homa inakuja baada ya siku nyingi. Ulipomvalisha Kadija nguo ya Idi, huenda ugonjwa alikuwa nao tayari mwilini, na mbu alimuuma kitandani kwake. Si jua lililomwua. Wala si watu waliomsifu."

Khairiya aliinamisha kichwa. Kwa miaka minne alikuwa amejilaumu kwa ile nguo.

Jioni Bwana Kamaludin aliporudi kutoka dukani, alielezwa yote. Mama yake alisema, "Na watu watasema mke wa Kamaludin azurura bustanini."

"Maneno ya watu nitayasikia mimi dukani," alijibu. "Nina masikio mawili, yatatosha. Mtoto aende."

* * *

Asubuhi ya kwanza Khairiya alivaa buibui. Alimbeba Ridhwani chini ya buibui, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Bi Kulthum alitangulia. Umulkheir alifuata nyuma, maana hakuwa tayari kusimuliwa na mtu mwingine.

Walipofika makaburini, Khairiya alisimama. Kaburi dogo la Kadija lilikuwa pale, karibu na njia. Alisoma Fatiha.

"Turudi," alisema.

"Baada ya kumaliza," alijibu Bi Kulthum. "Twende."

Ndani ya ua wa makuti palikuwa na mwanga mwingi. Palikuwa na miti ya mikungu, vichaka vya yasmini na nyasi fupi. Bi Kulthum alitandika mkeka.

"Mtoe leso."

"Nimvue?"

"Jua halipiti kwenye leso, Bi Khairiya. Mfunike kichwa tu. Miguu na mikono iwe wazi. Na wewe kunja mikono ya nguo, ufunue uso. Jua ni lako pia."

Khairiya alimvua mtoto. Miguu ile miwili ilionekana mbele ya dunia nzima. Ridhwani alifumba macho akapiga chafya. Mguu wake ulipogusa nyasi, alipiga yowe akaukunja. Hakuwahi kugusa nyasi maishani mwake.

"Amepiga chafya!" alisema Khairiya. "Ameshikwa!"

"Ni mwanga tu. Leo akae kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa. Kesho tutaongeza."

Kwa Khairiya vikombe viwili hivyo vilikuwa asubuhi ndefu. Kila mwanamke aliyepita, Khairiya alitazama macho yake. Je, ametazama miguu? Je, atasema kitu? Mmoja alisema, "Mashallah, mtoto ana macho mazuri." Khairiya akasoma dua moyoni mpaka mwanamke yule alipotokomea.

Alasiri, nyumbani, alimgusa Ridhwani paji la uso. Lilikuwa na joto. Ni vilevile! Alitoka mbio, bila viatu, akagonga mlango wa jirani.

"Umulkheir! Ana homa! Nilijua! Nilijua!"

Umulkheir alikuja na unga mikononi. Alimgusa mtoto kwenye paji, tumboni na nyayoni.

"Wewe ulimfunika mablanketi mawili, kwa nini asiwe na joto? Huyu hana homa, ana njaa!"

Wakaondoa mablanketi. Ridhwani alikula samaki wawili, akalala. Khairiya alikaa kando yake akimwekea kiganja puani. Alipoamka, hakuwa na homa.

Kesho yake walikwenda tena.

* * *

Hofu haikumtoka Khairiya kwa siku moja. Ilikuwa ikibadilika tu, kama hali ya hewa, na kila majira yalikuwa na hofu yake.

Wakati wa kusi aliogopa upepo. Bi Kulthum alimwonyesha pa kukaa, nyuma ya ua, pale upepo hauvumi na jua linafika. Kifua cha mtoto kilivalishwa fulana, miguu ikabaki wazi.

Upepo ulipotulia, mwezi wa Oktoba, watu wakawa wengi bustanini. Sasa Khairiya aliogopa macho. Lakini Umulkheir alikaa mbele ya mkeka kama askari. Aliyeuliza swali juu ya miguu ya mtoto aliulizwa maswali matatu juu ya mume wake. Hakuuliza tena.

Kaskazi ilileta joto. "Jua hili litamchoma," alisema Khairiya. Safari hii Bi Kulthum alikubaliana naye.

"Ndiyo, jua kali huumiza. Sasa njoo mapema, jua likichomoza tu. Ikifika saa tatu, hamia chini ya mkungu. Mpe maji mara kwa mara. Saa nne mwende nyumbani."

Ni katika kaskazi hiyo ndipo Ridhwani alipojishika kwenye benchi, akajivuta juu, akasimama. Alisimama kwa muda wa kusema Bismillahi, akaketi. Khairiya aliona lakini hakusema na mtu. Aliogopa kulisema asije akalipoteza.

Baadaye masika yakaja.

"Basi sasa," alisema Bi Mwanamkisi. "Mvua. Mumeishiwa na yua. Mwana akae mpaka ikatike."

Khairiya alitaka kukubali. Mvua ilimkumbusha homa, na homa ilimkumbusha lile kaburi dogo. Walikaa nyumbani siku kumi na mbili. Bi Kulthum alipopita, alitazama nje ya mlango.

"Mvua hainyeshi kutwa, Bi Khairiya. Inanyesha, inapumzika. Ikipumzika, nendeni. Chukueni kitambaa kikavu. Jioni kuna mbu wengi majira haya, basi alale ndani ya chandarua. Lakini asubuhi ni yenu."

Siku iliyofuata mvua ilikatika saa mbili. Khairiya na Umulkheir walikwenda. Bustani ilikuwa tupu. Wanawake wengine wote walikuwa wameogopa tope. Wakatandika mkeka juu ya benchi, wakamkalisha Ridhwani.

Umulkheir alikuwa na habari. Bibi harusi mmoja wa Langoni alikuwa amerudi kwao siku ya saba, na kisa chake kilikuwa kirefu, kina mkwe, kina sufuria, kina ngumi. Khairiya alitaka kujua ngumi ilimpata nani. Alimgeukia Umulkheir kidogo tu.

Alipogeuka tena, benchi lilikuwa tupu.

"Ridhwani!"

Alitazama chini ya benchi. Alitazama nyuma ya mkungu. Hakuna mtoto. Mtoto huyu hawezi kwenda popote. Basi kuna aliyemchukua!

"Ridhwani! Umulkheir, mwanangu! Wamemchukua mwanangu!"

Maneno ya Bi Mwanamkisi yalimjia yote kwa pamoja, wenyewe wa shamba, macho, visivyo watu. Alikimbia mpaka kwenye ua wa upande wa pili, akarudi. Ni mimi, alijiambia. Wa pili nimemtoa nje kwa mikono yangu mwenyewe.

"Khairiya," alisema Umulkheir. Alikuwa ameinama, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Ndoo huku uone."

Mvua ilikuwa imeusafisha mchanga wa njia ya bustani, ukawa laini kama unga. Juu yake palikuwa na alama ya mguu mdogo. Kisigino kimoja, vidole vitano. Mbele yake palikuwa na alama ya mguu mwingine. Kisha mwingine.

"Ni mtoto wa nani?" aliuliza Khairiya.

"Leo hakuna mtoto mwingine hapa."

Khairiya alizitazama. Alijua kila sehemu ya mwili wa mwanawe, lakini alama ya nyayo zake hakuwahi kuiona. Ridhwani alikuwa hajawahi kukanyaga mchanga akaacha alama. Alifuata polepole, akipita kando, asizikanyage. Mahali pamoja palikuwa na alama ya makalio na ya viganja viwili. Hapo ameanguka. Mbele yake nyayo zinaanza tena. Ameinuka.

Alama zilikwenda mpaka kwenye mlango wa ua. Ridhwani alikuwa amesimama pale, ameshika makuti kwa mkono mmoja. Alikuwa akimtazama punda anayekula majani. Alipomsikia mama yake, aliachia makuti. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Miguu ilikuwa bado ina matege kidogo. Akaketi kwenye tope akacheka.

Khairiya naye aliketi kwenye tope palepale, na buibui lake.

* * *

Habari ilifika Mkomani kabla yao, sijui kwa njia gani, maana Umulkheir alikuwa bado yuko bustanini. Jioni nyumba ilijaa. Bi Mwanamkisi alimsimamisha mjukuu wake katikati ya watu, bila leso, akamwachia. Ridhwani alitembea mpaka kwenye sinia ya halua.

Kaskazi iliyofuata, ua wa makuti ulikuwa hautoshi. Umulkheir alimleta mjukuu wake mchanga. Wengine walileta watoto wao. Wote walimwuliza Khairiya.

"Mtoto wangu ni mweupe, jua halitamharibu?"

"Anza na muda wa vikombe viwili vya kahawa," alijibu. "Halafu ongeza."

"Na mvua ikija?"

"Ngoja ipumzike, uje. Uje na kitambaa kika..."

Hakumaliza. Alikuwa amekwisha kusimama, ameshika buibui kwa mikono miwili, anakimbia kuelekea kwenye mkungu.

"Ridhwani! Shuka huko! Utavunjika miguu, wewe! Shuka!"